Mwanamke Aliyebaki Ndani Siku ya Mazishi ya Mama Yake

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Akina mama wenye watoto wadogo, msihangaike wakilia, waacheni walie, mimi nina sauti. Kabla sijafunga neno letu la leo nataka niwape mfano mmoja, na sitauharakisha.

Huko milimani aliishi mwanamke, tumwite Namkunda. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, wa kike, jina lake Nsia. Nsia alizaliwa vizuri, akanyonya vizuri, akatembea mapema kuliko watoto wa majirani. Lakini maneno hayakuja. Ukimwita, hageuki. Ukimkumbatia, anajikunyata kama umemmwagia maji ya baridi. Mpe vikombe viwili na maji, basi, atamimina kutoka hiki kwenda hiki mpaka jua linazama, na anacheka peke yake kicheko ambacho ukikisikia na wewe utacheka. Ila ikipigwa ngoma, au kengele, au watu wakiwa wengi wanaongea kwa pamoja, anaziba masikio, anajiuma mkono, anapiga kelele. Na mlango ukiwa wazi anakimbia. Anakimbilia barabarani, kule yanakopita malori ya mawe.

Namkunda akampeleka hospitali. Daktari akamwangalia mtoto kwa muda mrefu, akauliza maswali mengi, kisha akasema, "Mama, mtoto wako ana usonji. Hajarogwa, na wewe hujakosea kitu chochote. Mambo tunayoyasikia na kuyaona sisi, yeye anayapokea kwa namna nyingine. Atajifunza kwa njia yake, taratibu. Lakini atahitaji mtu wa kuwa naye."

Mtu wa kuwa naye. Baba yake Nsia aliposikia maneno hayo, haukupita muda akasema anakwenda tambarare kutafuta kazi. Mpaka leo bado anatafuta. Wababa, msiinamishe vichwa, bado sijafika kwenu.

Aliyebaki na Namkunda alikuwa mama yake mzazi. Nyumba ya bibi huyu ilikuwa ng'ambo ya migomba tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana Nsia alivuka migomba, akaupiga mlango wa bibi kwa kiganja, na bibi akafungua. Wakakaa sakafuni mgongo kwa mgongo, kwa sababu Nsia hakupenda kutazamwa usoni, lakini mgongo wa bibi aliupenda. Bibi anapukuchua maharage, mtoto anamimina maji yake. Huku nyuma Namkunda anafua, anakwenda shambani, anakwenda sokoni, siku nyingine anajilaza kidogo. Jioni akija kumchukua mtoto, bibi anamtazama binti yake, anamuuliza, "Na wewe, umekula?"

Naomba mlisikie swali hilo. Watu wote walimuuliza Namkunda, "Nsia anaendeleaje?" Njiani waliuliza, kisimani waliuliza, mlangoni pa kanisa waliuliza. Ni swali zuri, sisemi ni baya. Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu chini ya mbingu aliyetaka kujua kama Namkunda mwenyewe ametia kitu tumboni. Mbele ya mtu huyo mmoja, Namkunda alikuwa bado ni mtoto wa mtu.

Sasa, walikuwepo pia akina mama wa jumuiya. Msije mkaniambia nimewasema vibaya, walikuwa watu wema. Kila mara walipita kwa Namkunda na sabuni, na sukari, na ndizi, kisha wakasimama kuzunguka chumba na kumwombea Nsia apone. Mwenyekiti wao aliitwa Mama Mrutu, mama mtu mzima, mwenye kilemba kikubwa na sauti ya maombi inayotetemesha bati. Akiomba yeye, hata waliokuwa shambani walivua kofia. Namkunda alisimama katikati yao akaitikia amina.

Na Nsia? Nsia alikuwa chini ya kitanda, ameziba masikio.

Miaka ikaenda hivyo. Nsia akafika umri wa miaka tisa.

Bibi akafa.

Alianguka asubuhi jikoni kwake, wakambeba kwenda hospitali, na waliombeba ndio waliorudi. Watoto wake wakaja kutoka mijini. Turubai likafungwa uani kwa bibi, viti vikapangwa, wakaja wapiga tarumbeta. Kwa watu wa huko, mzee hazikwi kimya kimya.

Sasa fikirini pamoja nami. Nsia hawezi kukaa mahali penye tarumbeta. Mtu mmoja tu aliweza kubaki naye wakati kuna jambo kubwa, na mtu huyo yumo ndani ya jeneza. Namkunda afanye nini?

Alijaribu. Binti mmoja wa ukoo akajitolea kumshika mtoto. Nsia akamng'ata, akachomoka, wakamkamata karibu na barabara. Mama Mrutu akamwambia Namkunda kwa upole kabisa, "Mwanangu, mfungie chumbani, uje. Ni saa moja tu." Namkunda akamfungia katika chumba cha bibi. Hakufika hata uani. Akasikia kishindo: Nsia anapiga kichwa mlangoni. Akarudi, akafungua, akaingia, akafunga kwa ndani. Akaketi sakafuni na mtoto, akamzungushia blanketi kichwani ili kelele zipungue.

Akasikia tarumbeta zikilia. Akasikia jeneza likitolewa, maana sauti za watu zilihama kutoka mbele ya nyumba kwenda nyuma. Akasikia mchungaji akisoma. Kisha akasikia watoto wa marehemu wakiitwa mmoja mmoja kwa majina, waje wamtupie mama yao udongo. Akaitwa kaka yake mkubwa. Akaitwa dada yake. Likaitwa jina lake.

"Namkunda."

Kimya.

"Namkunda yuko wapi?"

Alikuwa nyuma ya ukuta ule. Angeweza kujibu. Lakini angejibu kwa sauti, na Nsia ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutulia. Akaziba mdomo wake kwa kiganja. Wakaendelea na jina la mdogo wake.

Jioni dada yake akaingia chumbani, bado ana udongo kwenye viatu. Ana machozi, ana hasira. Akasema, "Mama amekuhangaikia wewe na mtoto wako mpaka amekufa. Umeshindwa hata kumtupia udongo?"

"Dada, ningemwacha na nani?"

"Watu wote hawa, Namkunda! Uani kumejaa watu!"

"Kumejaa," Namkunda akasema. "Nitajie mmoja."

Dada yake akatoka. Kesho yake akarudi mjini.

Wageni wakaisha. Turubai likafunguliwa. Na hapo ndipo mambo yakawa magumu kuliko siku ya mazishi, kwa sababu ya Nsia. Kila siku baada ya chakula cha mchana Nsia alivuka migomba, akaupiga mlango wa bibi kwa kiganja. Akangoja. Akapiga tena. Akangoja. Namkunda anasimama nyuma yake. Angemwambia nini? Ninyi mnaonisikiliza, mngemwambia nini? Mtu mzima ukimwambia mama amefariki, anapata angalau neno la kushika. Mtoto yule alishika mlango tu.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Kutoka mlangoni Namkunda aliona pembe yake na mashada yaliyoanza kukauka. Lakini Nsia hakukubali kupita mlango ule. Akivutwa, anajitupa chini. Akiachwa, anakwenda barabarani. Kwa hiyo kila siku mama alisimama pale, mkono mmoja umeshika gauni la mtoto, shingo ameigeuzia kaburini. Mtoto anamtafuta bibi kwa mlango, mama anamtafuta mama yake kwa macho. Kisha wanarudi nyumbani, na jioni inaingia, na hakuna anayeuliza kama amekula.

Alianza kusahau sufuria motoni. Alikuwa akikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, amesahau kingine. Akiulizwa hali, anasema, "Tunamshukuru Mungu." Nanyi mnalijua jibu hilo. Tunalitumia tukitaka watu waendelee na safari zao.

Siku moja akina mama wa jumuiya wakaja. Wakaketi, wakapewa maji, wakampa pole tena. Mama Mrutu akasimama, akakaza kilemba, akasema, "Haya, Mama Nsia, leo tuombe nini?"

Namkunda akasema, "Leo naomba msiombe."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Mmoja wenu akae na Nsia. Nataka nikamzike mama yangu."

Wakatazamana. Mama Mrutu akashusha sauti, kama unavyosema na mgonjwa. "Mama tulishamzika, mwanangu."

"Ninyi mlimzika," Namkunda akasema. "Mimi bado."

Mmoja akaanza kutengeneza kanga yake ambayo haikuwa na shida. Mwingine akakumbuka kuwa ng'ombe wake hajakatiwa majani. Mwingine akasema pole pole kwamba yeye ana presha. Kila mmoja akamtazama Mama Mrutu, kwa sababu ndiye aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote. Na Mama Mrutu akasema, "Haya. Nitabaki mimi." Siwaambii alisema kwa upendo. Nadhani alisema kwa aibu. Lakini alisema.

Namkunda akamwelekeza haraka haraka, kama mtu anayeogopa gari litamwacha. "Usimshike. Usimtazame usoni. Akipiga kelele, wewe usiseme kitu. Na mlango, funga komeo la juu." Akatoka. Akavuka migomba peke yake, mikono mitupu, na mikono ilimsumbua, hakujua aiweke wapi.

Akafika kaburini. Udongo ulikuwa umeshaanza kukaa, na nyasi zimeanza kuchipua pembeni. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole mpaka akapata donge laini, akalifikicha kiganjani. Akasema, "Mama, nimechelewa." Akaudondosha udongo huo juu ya kaburi kidogo kidogo.

Wakati huo huo akamsikia Nsia.

Ilikuwa ile sauti kubwa, inayopanda na kukatika. Miguu ya Namkunda ikasimama yenyewe. Mwili wote ukageuka kuelekea nyumbani. Kwa miaka tisa hakuwahi kuisikia sauti ile bila kukimbia. Akina mama, ninyi mnajua. Mtoto wako analia, umesimama, hata kama kuna mtu mwingine kule, tumbo linakwambia nenda. Namkunda akabaki kati ya mama na mtoto, uso kwa mtoto, mgongo kwa mama.

Akapiga magoti tena.

Akaegemeza paji la uso kwenye udongo, akalia. Mtoto analia kule, yeye analia huku. Akamwambia mama yake mambo yote. Kwamba amechoka. Kwamba kuna siku anamtazama Nsia na hampendi, na saa hiyo hiyo anaogopa kufa kwa sababu atamwachia nani. Kwamba anatamani, hata mara moja tu, mtoto amtazame ajue kwamba huyu ni mama. Kwamba anatamani mtu amshike kichwa. Alisema mambo ambayo huwezi kumwambia mtu anayekuja na sukari. Alipomaliza, kule nyumbani kulikuwa kimya.

Akarudi. Akafungua mlango.

Akamkuta Mama Mrutu sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto, kilemba kimedondoka, mvi zote ziko nje. Kwenye mkono wake kulikuwa na alama za meno. Maji yamemwagika chumba kizima, na Nsia yuko pembeni, anaguna wimbo wake usio na maneno, anamimina yaliyobaki. Mama Mrutu analia bila sauti.

"Mwanangu," akasema, "ni hivi kila siku?"

Namkunda akachuchumaa, akaanza kukausha maji. "Leo ametulia, mama. Kwa sababu yuko nyumbani."

Mama Mrutu akasema, "Miaka yote hii nimesimama hapa nikamwomba Mungu kwa ajili yako. Sikujua nilikuwa naomba nini." Na yule mwanamke wa maombi, ambaye hakuwahi kutoka kwenye nyumba ya mtu bila kuomba, siku hiyo hakuomba. Aliuliza tu, "Nije tena lini?"

Alirudi Alhamisi, amevaa gauni la shambani, kichwa wazi. Nsia hakumpenda. Alimpa mgongo, alimfukuza, alimwaga chai yake. Mama Mrutu akarudi Alhamisi nyingine, na nyingine. Baadaye yule wa presha akaja naye, wakakaa wawili. Jumuiya nzima ikajifunza kuongea kwa sauti ya chini, na Mama Mrutu akajifunza kuomba kwa kunong'ona, jambo ambalo hakuna aliyedhani linawezekana.

Mtauliza, je, Nsia alipona? Nsia ni yule yule. Maneno hayakuja. Na hamu ya mama yake haikuisha, maana aliyekufa hakurudi, na hakuna mwanamke wa jumuiya anayeweza kuwa mama yako. Lakini Alhamisi moja watu walimkuta Namkunda amelala kando ya kaburi mchana kweupe, kanga imemfunika uso. Wakaogopa, wakadhani huzuni imemzidi, wakaenda kumwita Mama Mrutu. Mama Mrutu akatoa kichwa dirishani, akawaambia, "Mwacheni. Amelala usingizi."

Ndugu zangu, hapo ndipo mfano unapoishia, na sasa nawageukia ninyi. Nikisema ninyi, nami nimo. Sisi.

Sisi tunajua kuomba. Sijawahi kukosa mtu wa kuomba katika kanisa hili. Tukisikia mtoto wa fulani ana shida, tunainua mikono. Lakini tunamwomba Mungu ashuke kutoka mbinguni aingie katika nyumba ambayo sisi tunapita mlangoni kwake kila siku na hatuingii. Tunamwomba amponye mtoto, na mtoto hajatuomba hilo. Mama yake ametuomba mchana mmoja. Je, ni Mungu aliyekawia kujibu hapo, au ni sisi?

Na wababa, nimefika kwenu. Katika mfano huu wanaume walibeba jeneza, walichimba kaburi, walifunga turubai. Kazi nzuri. Je, mmesikia mwanamume yeyote akiulizwa akae na mtoto? Hakuna aliyemfikiria. Hata ninyi mliokuwa mnanisikiliza hamkumfikiria. Tafakarini hilo mkiwa njiani kwenda nyumbani.

Nimesema ni mfano. Lakini sasa hivi, wakati nazungumza, yuko mama nje, upande wa tenki la maji. Msigeuke! Nimesema msigeuke. Mkigeuka wote kwa pamoja, ndiyo yale yale yaliyomtoa humu ndani. Anazunguka na mwanawe mkubwa pale nje kila Jumapili, kwa sababu siku moja mtoto alipiga kelele wakati wa ibada, na vichwa vyetu vyote vikageuka. Hakuna aliyemfukuza. Tulitazama tu. Tangu siku hiyo anasali kwa kusikiliza dirishani, na mvua ikinyesha, hasali.

Ninyi wa kwaya mnamfahamu. Alikuwa sauti ya pili hapa kabla mtoto hajakua. Mlimwombea katika mazoezi, nakumbuka, na mkamweka mtu mwingine kwenye nafasi yake.

Naomba mtu mmoja atoke. Mwanamume au mwanamke, sichagui. Usitoke na mahubiri. Nenda ukamsalimie, ukae chini pale kwenye nyasi, umuulize mama jinsi ya kukaa na mwanawe. Labda mtoto atakukataa leo, na mama hataingia. Sawa. Jumapili ijayo nenda tena, na nyingine, mpaka mtoto akuzoee. Na siku mama yule akiingia humu, asikute kichwa kimegeuka. Akute kiti.

Nimeona umesimama pale nyuma. Asante sana, baba. Pita mlango wa pembeni.

Kwaya, najua ni zamu yenu. Msianze kwanza. Tumngoje mwenzenu wa sauti ya pili.